Mashine ya kufulia haijai maji, na yakijaa haiyatoi. Fundi anasema bodi imekufa, naombeni ushauri kabla sijalipa

BintiKondoa aliandika:

Habari za jioni ndugu zangu. Niko Ilazo, Dodoma. Naomba mnisome mpaka mwisho maana nimejitahidi kuandika kila nilichokiona, hata vile ambavyo fundi aliyekuja aliniambia havihusiki.

Mama yangu alianguka huko Kondoa mwezi wa Machi, akavunjika nyonga. Tukamleta kwangu. Mpaka leo hawezi kushuka kitandani mwenyewe, na kwa siku tunabadilisha mashuka mawili, siku mbaya manne. Kaka zangu walichanga tukanunua mashine ya kufulia, ile ya mlango wa mbele, ya kilo 7, ili binti anayenisaidia kazi asiishe mikono. Mnaoishi Dodoma mnayajua maji yetu. Sufuria ya chai ndani nyeupe kama imepakwa chokaa, na sabuni mpaka itoe povu umeshachoka kusugua.

Miezi mitano mashine ilifanya kazi bila shida. Sasa hii ni wiki ya tatu inasumbua, na inasumbua kote kuwili.

Kwanza haijai. Ukiiwasha inanguruma, maji yanaingia kidogo kidogo kama ya kwenye mrija, inakaa hivyo dakika kumi na kitu, halafu inapiga mlio, kinawaka kile kialama cha koki na inasimama. Nikitazama kwenye kioo, maji ndani hamna, mashuka yamelowa tu.

Pili, siku ikibahatika kujaa inafua vizuri, ila ikifika kutoa maji inaunguruma bila kutoa. Haikamui. Mlango unagoma kufunguka. Nikiiacha usiku kucha, asubuhi maji yameisha yenyewe, lakini mashuka ni mazito kama yamebeba udongo, inabidi tuyakamue watu wawili.

Kitu kingine: siku maji ya bomba yakija, mara nyingi inajaa. Siku za mgao tunapotumia tenki la juu, haijai hata mara moja.

Fundi alikuja juzi. Aliiwasha, akasikiliza, akafungua kifuniko cha juu, akasema bodi, ule ubongo wa umeme wa mashine, imekufa, hata haina haja ya kupima. Bodi shilingi 280,000, ufundi 50,000. Nikamwonyesha hayo ya tenki na bomba, akasema hayahusiani, ni bodi inachanganya. Hela hiyo ndiyo ya mazoezi ya mama ya miezi miwili. Kama kweli ni bodi nitaitafuta, mama hawezi kulala kwenye mashuka machafu. Lakini moyo haujakubali. Kuna mtu amepitia hili?

DerevaNzuguni alijibu:

Pole sana dada, na mama apone haraka. Hiyo siyo bodi. Yangu ilifanya hivyo hivyo ya kunguruma bila kuingiza maji, nikabadilisha vali ya kuingizia maji, ile ya nyuma unapofunga mpira, ikapona siku hiyo hiyo. Nunua vali tu. Usimrudishe huyo fundi.

MamaTuma alijibu:

Dada pole. Mnatumia sabuni gani? Kama ni ile ya unga ya kufulia kwa mkono, nakuomba uiache leo. Mimi mwaka jana nilikuwa naweka kikombe kizima kwa sababu maji yetu hayatoi povu. Kumbe mashine ikipiga piga povu linajaa mpaka pampu inavuta hewa badala ya maji, halafu haikamui. Siku hizi naweka vijiko viwili vya ile ya mashine na nguo zinatakata.

BintiKondoa alijibu:

Asanteni sana. Mama Tuma, natumia ya mashine, kijiko chake kile kile kilichokuja nayo. Povu silioni kabisa kwenye kioo.

FundiKikuyu alijibu:

Binti, hela yako iweke kwanza. Nimetengeneza mashine hizi tangu 2004, nilianzia Dar es Salaam, sasa niko Kikuyu hapa hapa Dodoma. Ulivyoandika umenirahisishia sana kazi.

Umesema asubuhi maji yameisha yenyewe. Maji hayaishi yenyewe. Ndani ya mashine yana njia moja tu ya kutokea, ule mpira wa nyuma, na kiwandani huo mpira hupandishwa juu mgongoni kwa makusudi. Pampu ya kutolea haina mlango wa kufunga, ni feni ndogo ndani ya kopo, na ikiwa imesimama maji yanapita katikati yake kama hayajaona kitu. Kinachoyazuia yasitoke ni kimo cha mpira peke yake. Kwa hiyo maji yako yakitoka usiku hali mashine imezimwa, mpira wako umelala chini.

Sasa chukua na ile nyingine, ya tenki na bomba. Mpira ukiwa chini, mashine inajaza na kumwaga kwa wakati mmoja. Bomba likija na nguvu, yanayoingia yanayazidi yanayotoka, inajaa. Ukitumia tenki, yanaingia kidogo na kutoka kidogo, kimo hakifiki, mwisho mashine inasema hakuna maji. Inasema kweli kwa upande wake. LG huandika IE hapo, Samsung 4E au 4C, nyingine huwasha koki kama yako. Watu wakiona maandishi wanakimbilia bodi.

Naomba unijibu: mashine iliwahi kusogezwa karibuni? Na ule mpira wa kutolea maji mwisho wake uko wapi, na uko juu kiasi gani kutoka sakafuni?

Halafu fanya jaribio hili, halina gharama. Funga koki ya maji. Weka programu fupi, bila nguo, iwashe. Vuta droo ya sabuni kidogo, umimine maji kwa jagi humo, polepole, lita 10 hivi au 12. Mtu mwingine asimame pale mpira unapotolea maji, asikilize. Ukisikia maji yanatoka huku unamimina, umelipata tatizo. Inua mwisho wa mpira mpaka usawa wa kiuno, mimina tena. Ngoma ikianza kuzunguka na kufua, basi bodi yako inafikiri vizuri na ile swichi ya presha inayopima kimo cha maji ni nzima.

Hilo la kutotoa maji ukiwa umewasha pampu ni jambo jingine, tutalifuata baadaye. Usiyachanganye.

Na wewe Dereva, sikupingi kwamba ilipona. Ila vali mpya huja na chujio jipya mdomoni. Wengi hubadilisha vali, kumbe kilichokuwa kimeziba ni kichujio kile cha wavu tu.

DerevaNzuguni alijibu:

Hiyo sikuwahi kuifikiria fundi. Ile ya zamani bado ninayo kwenye boksi. Nimeitoa sasa hivi, wavu umejaa vitu vyeupe kama chumvi ya mawe. Dah.

BintiKondoa alijibu:

Shikamoo fundi. Umeniuliza kama mashine ilisogezwa, nikaketi chini. Mwezi uliopita tuliweka vigae bafuni ili kiti cha magurudumu cha mama kipite. Mashine ilitolewa koridoni siku tatu, ikarudishwa. Nilikwenda kutazama nyuma na tochi ya simu. Mpira haupo kwenye kile kishikio chake cha plastiki. Umelazwa sakafuni na ncha imesukumwa ndani ya tundu la bafu, umebanwa kabisa, hata kidole hakipiti. Walioweka vigae nadhani walitaka pasionekane mpira.

Nimefanya jaribio. Binti alikaa bafuni, mimi nikawa namimina kwa jagi la lita 2. Jagi la kwanza kimya. La pili kimya. La tatu akaniita, "Mama, huku yanatiririka." Nikasimama kumimina nikasikiliza mwenyewe, maji yanalia kwenye tundu kama mtu anayenawa, na mashine imeduwaa inasubiri. Wiki tatu hizo nilikuwa nanunua maji ya boza na kuyamwaga kwenye shimo.

Tukauchomoa mpira, nikaufunga kwa kipande cha kanga kwenye nondo ya dirisha, juu kidogo ya kiuno changu. Nikamimina tena. Jagi la tano, mlio mdogo wa "tak", ngoma ikageuka. Ikaenda kulia, ikasimama, ikarudi kushoto. Fundi, nililia. Mama alikuwa ananiuliza toka chumbani kuna nini, nikashindwa kumjibu.

Haitoi maji bado. Sasa yamebaki ndani yote, maana hata kutoka yenyewe hayawezi tena. Nifanyeje?

FundiKikuyu alijibu:

Marahaba binti yangu. Umefanya kazi ya fundi. Mpira usiufunge na kanga moja kwa moja, pampu ikisukuma unaruka. Urudishe kwenye kishikio chake, ncha iende kwenye bomba la kusimama au sinki, kati ya sentimita 60 na 100 kutoka sakafuni. Na usiubane. Acha nafasi ya hewa kuzunguka ncha, kwa sababu mpira uliobanwa unavuta maji wenyewe hata ukiwa juu, pampu ikishayaanzisha mara moja.

Kwa pampu sasa. Chomoa umeme ukutani, usitegemee kitufe. Kama ulifua kwa maji ya moto subiri yapoe. Chini upande wa kulia au kushoto kuna kifuniko kidogo cha mraba, kifungue kwa bisibisi bapa. Ndani utaona kizibo kikubwa cha kuzungusha, na kwenye mashine nyingi kuna kimpira chembamba pembeni. Anza na kimpira hicho, weka trei au sahani pana chini yake maana beseni halipiti, kitoe kizibo chake uyapunguze maji. Yakishaisha ndipo uzungushe kile kikubwa, kinyume cha saa, polepole. Tandika matambara.

Ukikitoa, ingiza kidole ndani uisikie feni. Ikizunguka kwa kukwama kwama, kama inaruka hatua, usiogope, ni sumaku, ndivyo zilivyo. Ikiwa haigeuki kabisa, kuna kitu kimeishika. Niambie umekuta nini.

BintiKondoa alijibu:

Nimekuta mbegu za ubuyu.

Nimezihesabu, ni kumi na tisa. Saba zilikuwa kwenye kichujio zimefungwa na nywele na nyuzi za shuka, nyingine ndani kabisa, na mbili zilikuwa zimejipachika pembeni ya feni, moja huku nyingine kule. Feni haikugeuka hata kidogo. Nilizitoa kwa kibanio cha nyusi, nikisaidiwa na tochi. Zimekuwa nyeusi na laini juu, lakini ukizibana ni ngumu vile vile. Zilipotoka, feni ikageuka kwa kurukaruka kama ulivyosema.

Ni za mama. Wajukuu wanamletea ubuyu kila wanapotoka shule, naye anazimung'unya taratibu akiwa amelala. Hana pa kutemea, hapendi kusumbua watu, basi anazifungia kwenye pindo la kanga au anaziweka mfukoni mwa dera, na sisi tunakusanya kila kitu kilicholowa na kukiingiza mashinani. Nilipomwonyesha kiganjani alisikitika sana akasema ataacha. Nimemwambia asiache. Ubuyu ndicho kitu anachokula bila kulazimishwa. Nimemwekea kopo la maziwa lenye mfuniko kwenye meza ya kitanda, anaitikia kwa kulitikisa.

Ila fundi, zinapitaje? Matundu ya ngoma ni madogo, mbegu haiingii.

FundiKikuyu alijibu:

Hazipiti kwenye matundu. Fungua mlango, vuta ule mpira wa kijivu wa duara. Kati ya mpira na ukingo wa ngoma kuna mwanya. Vitu vidogo vigumu vinateleza hapo, sarafu, vishikizo, vibanio vya nywele, na sasa ubuyu. Kila ukitoa nguo pitisha kidole humo. Kichujio cha chini kisafishe kila mwezi, na kwa mashuka ya mgonjwa fanya kila wiki mbili.

Sasa malizia upande wa kuingiza. Kumbuka uliandika maji yanaingia kama ya mrija, na hilo halitokani na mpira wa kutolea. Funga koki, fungua mpira wa kuingizia pale nyuma ya mashine, kwa mkono tu. Ndani ya mdomo wa vali kuna kichujio cha plastiki chenye wavu. Kivute taratibu kwa plaizi. Kiloweke kwenye siki nyeupe. Ule weupe ukitoa mapovu madogo madogo, ni chokaa ya maji yetu. Maji mengi ya Dodoma yanatoka visimani, bonde la Makutupora kule Mzakwe, na yamepita kwenye miamba mpaka kutufikia. Ukikuta mchanga mwekundu badala yake, safisha tenki.

Na nipimie kitu kimoja. Kutoka usawa wa maji ndani ya tenki kushuka mpaka pale mpira unapofungwa mashinani, ni mita ngapi? Nataka kimo, urefu wa bomba usiuhesabu.

BintiKondoa alijibu:

Kichujio kilikuwa kimeziba zaidi ya nusu. Kwenye siki kilichemka kama soda, baada ya saa moja nikakisugua kwa mswaki, kikarudi cheupe chenye matundu. Mchanga ulikuwepo kidogo.

Kimo nimepima na futi ya fundi vigae. Tenki liko juu ya stendi ya chuma nyuma ya nyumba. Likijaa ni mita 2 na sentimita 30. Likibaki robo ni kama mita moja na nusu.

FundiKikuyu alijibu:

Hapo sasa. Tazama bandiko la nyuma ya mashine, tafuta palipoandikwa MPa. Nyingi zinaanzia 0.05 mpaka 0.8. Hiyo ni presha ya maji, na 0.05 ni nusu baa, baa ni kipimo kingine cha presha. Maji yaliyosimama kimo cha mita 10 yanakupa baa 1, kwa hiyo mashine inataka mita 5 angalau. Wewe unaipa 2.3, tenki likipungua 1.5.

Wengi huniambia, "Mbona bombani yanatoka vizuri?" Yanatoka kwa sababu koki ya bafu ni tundu wazi. Vali ya mashine si hivyo. Umeme ukifika, sumaku yake inainua kijiti kidogo tu na kufungua kitundu kama cha sindano. Mlango mkubwa ni utando wa mpira, na kinachouinua ni nguvu ya maji yenyewe. Maji yasipokuwa na nguvu, utando unainuka nusu, ndiyo ule mngurumo na maji ya mrija. Hata kufunga unahitaji nguvu hiyo hiyo, ndiyo maana wenye matenki ya chini wakati mwingine wanakuta maji yameingia mashinani yenyewe ikiwa imezimwa.

Una njia mbili. Kupandisha stendi karibu mita 3 na nusu, na tenki la lita 1,000 ni tani nzima, usimpe mtu anayebahatisha kuchomelea. Au pampu ndogo ya kuongeza presha, ile inayojiwasha maji yakianza kutembea. Ukiichagua hiyo, iweke kwenye bomba linalotoka tenkini, chini karibu na tenki. Usiifunge kamwe kwenye bomba la mtaani. Inavuta uchafu wa bomba lote na kuwanyima majirani, na likikauka inaungua.

Wakati unajipanga, jagi kwenye droo ya sabuni linafanya kazi. Haliharibu kitu.

MamaTuma alijibu:

Nimesoma yote nikaenda kufungua kichujio changu cha chini. Shilingi mia tano, pini mbili za ushungi na soksi ya mtoto niliyoitafuta tangu Ramadhani. Mungu akubariki fundi.

BintiKondoa alijibu:

Narudi kutoa taarifa, imepita siku kumi na moja.

Mpira wa kutolea umerudishwa kwenye kishikio, fundi bomba ameniwekea bomba la kusimama, ncha iko sentimita 75 na kidole kinapita pembeni. Pampu ndogo imefungwa chini ya tenki. Kaka yangu wa Babati alinitumia nusu ya hela, ikawa nafuu mno kuliko ile bodi. Leo nimetumia maji ya tenki peke yake, bomba la mtaani limekauka tangu juzi. Imejaa dakika nne, nimehesabu kwa saa. Imefua, imesuuza mara tatu, ikatoa maji kwa kishindo mpaka binti akaja kutazama, ikakamua. Mashuka manne. Kwa upepo wetu huu wa Dodoma saa tano yalikuwa yamekauka, nikayatoa upesi kabla vumbi halijaanza.

Huyo aliyetaka kuweka bodi alinipigia jana kuuliza kama hela ipo. Nilimweleza kwa upole mpira ulikuwa wapi. Alinyamaza, halafu akaniuliza tena sentimita ngapi. Nikamwambia 60 mpaka 100.

Fundi, nina swali la mwisho. Baada ya kufua niiache koki ya mashine wazi au niifunge?

FundiKikuyu alijibu:

Ifunge, kila mara. Na mlango uuache wazi kidogo ule mpira wake wa kijivu ukauke. Msalimie mama.